Hela ilikuwepo benki, viza ikakataliwa: kisa cha binti wa Kibirizi

Hiki kisa cha 2024, cha binti kukataliwa viza ya kwenda kusoma Uingereza, kimezunguka sana hapa Kigoma, ukienda Gungu unakikuta kina mkia huu, ukienda Ujiji kina mkia mwingine, wengine wanasema binti alifoji vyeti, wengine wanasema Wazungu hawataki watu wa mpakani, na kuna mama mmoja sokoni Mwanga ana uhakika kabisa kwamba ni jirani ndo kafanya mambo yake (huku kwetu hata gari ikipata pancha kuna jina la mtu linatajwa). Mi makaratasi yote nimeyasoma, kuanzia barua ya chuo mpaka barua ya kukataliwa, kwa sababu familia iliniita niwasomee, mi nilishasoma kulekule Uingereza nikarudi. Wameniruhusu kuandika ila majina nisitaje. Kwahiyo ni binti, baba mdogo, mama, shangazi, basi.

Binti ana miaka 25. Form five na six kasoma Tabora Girls, digrii kachukua hapahapa nchini mambo ya uvuvi na viumbe wa majini. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa darasa la tatu, akachukuliwa na baba mdogo hapa Kibirizi, Kigoma, akasomeshwa na kulishwa na kuchapwa hukohuko kama watoto wengine wa mle ndani. Mama yake yupo, anaishi Mwandiga, anauza mawese. Baba mdogo ni mtu wa dagaa, ananunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anapeleka Dar, na kwa kipimo cha Kibirizi ni mtu mwenye uwezo, sio tajiri wa kutisha ila mtaji anao.

Binti akaomba masters ya ufugaji wa samaki chuo kimoja Scotland. Akapata. Hakuokoteza tu kozi kwa sababu ina jina zuri: amekua anaona samaki wa Ziwa Tanganyika wanapungua na kila mtu anaongelea vizimba vya kufugia samaki, akaona akasome hicho. Skolashipu kubwa kama Chevening na Commonwealth alikosa, chuo chenyewe kikampa punguzo, ada ikabaki pauni 18,000. Familia ikasema tutalipa. Wakatanguliza pauni 8,000, ambazo kuzituma tu ilikuwa kazi maana ile nusu ya kwanza ya 2024 fedha za kigeni zilikuwa adimu benki, unajaza fomu unaambiwa subiri. Pesa ikafika, chuo kikamtolea CAS, ile namba ya udhamini ambayo bila hiyo huombi viza ya mwanafunzi.

Sasa hapa lazima nieleze viza yenyewe inavyopimwa maana hapo ndo kisa kizima kilipo. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inaenda kwa pointi 70. Pointi 50 ni za masomo, yaani una CAS ya kweli ya chuo chenye leseni. 10 za Kiingereza. 10 za fedha. Hakuna kufaulu kwa wastani, ukipata 60 umeanguka sawasawa na aliyepata sifuri. Binti masomo alikuwa nayo, Kiingereza chuo chenyewe kilimthibitishia kwa kuwa digrii yake kaisoma kwa Kiingereza. Zikabaki 10 za fedha.

Fedha yenyewe inahesabiwa hivi: ada ambayo hujalipa ya mwaka wa kwanza, jumlisha hela ya kuishi. Nje ya London kwa 2024 ilikuwa pauni 1,023 kwa mwezi, unaonyesha ya miezi tisa, ni 9,207. Kwahiyo 10,000 ya ada iliyobaki na 9,207 ya kuishi, jumla 19,207. Ukipiga pauni moja shilingi 3,400 ni kama milioni 65 na laki tatu. Hiyo hela lazima iwe imekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 mpaka unapolipia maombi.

Kwa mfanyabiashara wa dagaa milioni 65 kukaa bila kuguswa mwezi mzima ni kitu hakipo. Hela ya dagaa haikai. Leo ipo mwaloni, kesho ipo kwenye lori, keshokutwa ipo Dar kwa mtu anayesema nitakutumia jioni. Ila 2024 ikatokea jambo: serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Kibirizi ikapoa, wavuvi wakalia, na baba mdogo, ambaye siku zote mtaji wake unakimbia, kwa mara ya kwanza akawa na hela imelala kwenye akaunti, juu ya milioni 70, haiendi popote maana hakuna cha kununua. Stetimenti yake ya Juni na Julai ukiiangalia ni safi mpaka inapendeza, mstari hautikisiki.

Naomba hilo ulishike maana ndo linaloniuma kuliko yote kwenye hiki kisa.

Familia ikatafuta ajenti wa Dar, hawa wa kupeleka watu vyuo vya nje, akalipwa hela ya huduma, akasema nitumieni stetimenti ya mzee na barua kwamba anamsomesha, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wakatuma. Pasipoti binti alikuwa nayo tayari (hiyo nayo ni stori, ukitokea mkoa wa mpakani maswali ya uraia hayaishi, umezaliwa wapi, baba kazaliwa wapi, babu kazikwa wapi, alianza kuhangaika nayo tangu yupo chuo mwaka wa tatu). Julai akapanda basi kwenda Dar, zaidi ya kilomita 1,200, akapima kifua kikuu kwenye kituo cha IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, maana Mtanzania anayekwenda Uingereza zaidi ya miezi sita lazima apime, akatoa alama za vidole, akalipa pauni 490 ya viza na pauni 1,164 ya huduma ya afya ya kule, akarudi Kigoma kusubiri. Sherehe ndogo ya kumuaga ilishaanza kupangwa.

Majibu yakaja katikati ya Agosti, wiki ileile ziwa linafunguliwa. Imekataliwa.

Nilipoitwa nyumba ilikuwa imejaa, kila mtu ana nadharia. Babu mmoja kutoka Ujiji akasema mbona Nyerere alitoka kufundisha Tabora akaenda Edinburgh 1949 na hakuna aliyemuuliza habari za benki, nikamwambia shikamoo babu, Nyerere alienda kwa skolashipu, na hata leo ukiwa na barua ya mfadhili anayekubalika anayelipa ada na kuishi, stetimenti ya familia hawaihitaji. Akaguna. Nikafungua barua nikasoma mpaka mwisho. Haikusema vyeti ni vya kufoji. Haikusema hela haitoshi. Haikusema lolote kuhusu Kigoma wala mpaka. Ilisema, kwa maneno yangu, kwamba akaunti iliyowasilishwa sio ya mwombaji, wala ya mzazi wake, wala ya mlezi wake kisheria. Masomo 50, Kiingereza 10, fedha sifuri. 60 kati ya 70.

Baba mdogo akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Kwahiyo mimi sio mzazi wake?" Pale ndani kukawa kimya, na sio kimya cha kawaida. Nikamwambia mzee wangu, hapa hawaulizi nani kamlea, wanaangalia cheti cha kuzaliwa, na pale pana jina la marehemu kaka yako na jina la shemeji yako. Sheria yao inakubali hela ya kwako mwenyewe mwombaji, ya mume au mke kwa masharti yake, ya baba au mama mzazi, au ya mlezi mwenye karatasi ya mahakama. Baba mdogo, mjomba, shangazi, kaka mkubwa, hata awe na bilioni, stetimenti yake haina kazi. Na nani huku kwetu anakwenda mahakamani kuomba karatasi ya kumlea mtoto wa ndugu yake? Mtoto anabebwa siku ya arobaini na kibegi chake, imeisha. Na hata ungeikimbilia hiyo karatasi leo, mtu ana miaka 25, mlezi wa nini.

Nitasema kitu ambacho wengi hawatakipenda: yule afisa hakukosea. Unaweza kusema sheria yenyewe haijui familia za huku zinavyoishi na mi nakubaliana na wewe moja kwa moja, ila aliyekaa kule anasoma karatasi na karatasi ilikuwa wazi. Aliyetakiwa kujua ni ajenti. Hii sio siri ya ndani, imeandikwa kwenye mwongozo wa serikali yao, na mtu anayechukua hela za watu kwa kazi hiyo hawezi kusema hakuona. Angemwambia tu baba mdogo mwezi wa tano, hamishia hiyo hela kwa binti. Basi. Hela ilikuwa imelala, ziwa limefungwa, haina pa kwenda, ingelala kwenye akaunti ya binti badala ya akaunti ya mzee na kisa kingeishia hapo. Gharama yake ingekuwa makato ya kuhamisha.

Familia ikataka rufaa. Hili wengi wanakosea kwahiyo nilieleze. Kuna kitu unaweza kuomba, uamuzi wako uangaliwe upya, pauni 80, ndani ya siku 28 ukiwa nje ya Uingereza. Lakini kazi yake ni kuangalia kama afisa alikosea kwa vile ulivyompa, huongezi karatasi mpya. Sasa kama afisa hakukosea unalipa 80 ili uambiwe mara ya pili. Nikawaambia hiyo hapana, tuombe upya. Ila kuomba upya sio kubonyeza tena, CAS ikishatumika imekwisha, unatakiwa urudi chuoni ukaombe nyingine, na vyuo vinasita kwa sababu leseni zao zinaangaliwa, wakati ule wanafunzi wao wanaokataliwa viza walitakiwa wasifike asilimia 10, ikizidi wangeweza kupoteza haki ya kudhamini. Yaani wewe ukikataliwa na chuo nacho kimepata doa. Binti akaandika imeili mwenyewe, sio ajenti, akaambatanisha barua ya kukataliwa na maelezo mafupi ya kilichotokea na jinsi atakavyorekebisha. Chuo kikajibu kwamba Septemba imeshapita ila kozi ina mlango wa Januari, na kabla hawajatoa CAS nyingine wanataka waione stetimenti wao kwanza. Wangefanya hivyo mara ya kwanza, lakini tuyaache.

Ajenti naye akarudi na wazo. Akampigia shangazi wa Kasulu, sio baba mdogo, akijua shangazi ndo mwenye haraka. Akasema ana mtu anayeweza kutoa stetimenti yenye jina la binti, miezi mitatu nyuma, kwa hela fulani, na hakuna haja ya kusubiri siku 28. Shangazi akaja anafurahi. Nikamwambia shangazi, kukataliwa kwa sasa ni kwa karatasi pungufu, kesho unaomba tena. Ukikamatwa na karatasi ya uongo unaweza kufungiwa miaka kumi, na hilo swali la umewahi kukataliwa viza utakutana nalo mpaka siku unaomba kwenda Canada. Wanapiga simu benki, wanauliza. Binti ndo alimaliza huo mjadala, alisema tu, "Shangazi, mimi hiyo siendi nayo," akatoka nje.

Ikabaki kazi ngumu kuliko zote. Hela ikae kwa nani?

Kwa sheria njia zilikuwa mbili: akaunti ya mama mzazi, pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua yake ya kuridhia, au akaunti ya binti mwenyewe. Kwa karatasi zote sawa. Kwa familia hazikuwa sawa hata kidogo. Mama wa Mwandiga na upande wa marehemu hawajakaa vizuri tangu msiba, mambo ya nyumba na kiwanja, siingii huko. Baba mdogo kutoa milioni 70 ziende kwa shemeji yake ilikuwa haiwezekani na hata hakujisumbua kuficha. Binti je? Mzee akasema mtoto simuogopi, naogopa simu zitakazompigia. Na alikuwa na hoja, mtu akijulikana ana milioni 70 kwenye akaunti hapa mjini ndugu wanazaliwa upya. Mama mtu naye akanuna, kwamba mtoto ni wake, jina lake liko kwenye cheti, na bado anafanywa mgeni. Vikao vitatu. Kimoja kiliisha watu hawaagani.

Mi ushauri wangu ulikuwa akaunti ya binti, na sababu haikuwa ugomvi wao. Kila karatasi unayoongeza ni sehemu nyingine ya kuulizwa. Ukitumia ya mama unahitaji cheti, kitafsiriwe kama kipo kwa Kiswahili, barua ya mama, majina yafanane kila mahali, na jina la mama kwenye cheti lilikuwa limeandikwa tofauti na kitambulisho chake cha NIDA, herufi moja tu, ila herufi moja imeshawazuia watu safari. Ya binti ni stetimenti moja, jina moja, pasipoti moja. Mama alivyoelezwa habari ya ile herufi alilainika, nadhani alitaka tu asikie kwamba sio yeye anayekwepwa. Hela zilizochangwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, kama milioni nne, zilikuwa kwenye simu ya mjomba, nikasema nazo ziingie benki mapema, hela ya kwenye simu hatuitegemei.

Shida ni kwamba tulishafika Oktoba. Ziwa limefunguliwa, mtaji wa mzee umeshatawanyika, dagaa kila mahali. Kuzikusanya tena milioni 70 ikabidi auze mzigo kwa bei ambayo hakuipenda. Mwisho wa Oktoba zikaingia zote kwa binti. Mbona 70 na sio 65? Kwa sababu wao wanabadili shilingi kwenda pauni kwa rate ya OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha, ya siku unayoomba, na shilingi haikai, ukiweka kiwango kamili halafu pauni ikapanda kidogo umeanguka kwa elfu hamsini. Bahati tu mwisho wa ule mwaka shilingi ikapata nguvu kwahiyo tukawa na nafasi ya kutosha, lakini hilo hakuna aliyelijua Oktoba.

Katikati ya zile siku 28 baba mdogo akanipigia saa kumi na mbili asubuhi. Kuna mzigo mzuri umeshuka mwaloni, bei ya kutupa, anataka binti amtolee milioni saba, kesho kutwa jioni anarudisha. Nikamwambia mzee, 63 ni chini ya kiwango, hata ikiwa kwa usiku mmoja siku zinaanza kuhesabiwa upya kutoka moja. Akasema, "Mwanangu hao watu hawajawahi kufanya biashara." Nikamwambia kweli mzee. Akaenda akakopa kwa mwenzake. Na mtego mwingine ulikuwa pale mwishoni, siku ya kulipia viza, 490 na 1,164 ni zaidi ya milioni tano na nusu na binti alitaka kulipa kwa kadi ya akaunti ileile. Ingekuwa salama au isingekuwa salama, sikutaka kujua, zikalipwa kwa kadi ya mtu mwingine na ile akaunti hatukuigusa.

Maombi yaliingia mwanzoni mwa Desemba, na tulikuwa tunakimbizana na tarehe nyingine, maana kuanzia 2 Januari 2025 ile 1,023 ya mwezi ilikuwa inapanda kuwa 1,136, miezi tisa ni 10,224, yaani ungehitaji pauni elfu moja na kitu zaidi. Akaenda Dar tena kwa vidole, cheti cha kifua kikuu kilikuwa bado hai maana kinakaa miezi sita. Viza ikatoka kabla ya mwaka kuisha. Ndugu zake wa Kasulu na Uvinza walikuja kumuaga, na mama wa Mwandiga alikaa meza moja na baba mdogo, mi nilikuwepo nikaona.

Kuna mtu ameniuliza sasa baba mdogo hela yake ilirudi baada ya viza? Hapana jamani, na isingefaa irudi. Ile elfu kumi ilikwenda chuoni kama ada, nyingine binti anaishi nayo kule, na kazi anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, hazimlipii hata pango lote. Wanaofikiria hela ya viza ni ya kuonyesha halafu unairudisha kwa mwenyewe wanampeleka mtoto kulala njaa Scotland mwezi wa pili.

Hesabu ya hasara tuliyoifanya na mzee ni hii: pauni 1,164 ya afya ya maombi ya kwanza walirudishiwa, pauni 490 ya viza hairudi, hiyo ni kama milioni moja na laki sita na nusu, ongeza nauli na malazi ya Dar mara mbili, ongeza ule mzigo uliouzwa kwa hasara, ongeza ada ya ajenti. Hii ya ajenti ndo baba mdogo anaidai mpaka leo, kila akienda Dar anampigia. Ajenti mwanzo alikuwa anasema yeye kazi yake ilikuwa kutuma maombi na maombi yalitumwa. Sa hivi hapokei kabisa.